Siku Cherehani ya Bibi Iliponyamaza

Jana mkanda wa cherehani yangu ulikatika, nikaendelea kushona kwa mkono. Kabla ya adhuhuri jirani yangu, muuza maandazi, akachungulia mlangoni.

"Fundi, kumbe upo? Sijasikia mashine tangu asubuhi, nikajua umesafiri, umekwenda kwenu Newala."

"Nipo, jirani. Karibu ndani."

Hakuingia, alikuwa ameacha mafuta jikoni. Akaenda zake, akaniacha na hiyo Newala yake.

Duka langu hapa Masasi ni chumba kimoja. Mitindo nabuni mwenyewe, nakata mwenyewe, nashona mwenyewe. Wateja wengi siwajui hata kwa sura: wananitumia vipimo kwa simu, nami nawatumia magauni kwa basi. Kazi ipo, sina la kulalamika, ila siku inaweza kwisha sijafungua mdomo.

Nilikulia kwa bibi, kule Newala, ambako ukungu wa Juni huingia mpaka jikoni bila kupiga hodi. Mama alikuwa ameolewa mbali. Bibi alikuwa na cherehani ya kukanyaga barazani, na nguo za nusu ya mtaa zilipita chini ya sindano yake. Kazi yangu ilikuwa kuokota pini, kupuliza makaa ya pasi na kumenya mbaazi za kuchemsha, ambazo nyingi ziliishia kinywani mwangu. Kila nilipouliza lini na mimi nitashonewa gauni, alijibu bila kuinua macho: "Wewe upo tu. Tumalize kwanza za watu."

Mwaka nilioingia unyagoni, nyumba tuliyofungiwa sisi wali kufundwa ilikuwa nyuma ya ua wa bibi. Ya mle ndani siyasemi, mwenyewe unajua. Lakini siku ya kutoka, kila mwali huvishwa gauni jipya na watu wa kwao, akatembezwa mtaani chini ya mwavuli kwa vigelegele. Asiye na gauni jipya husemwa hadi anaolewa. Bibi ndiye aliyekuwa akiwashonea wenzangu wote, na mimi kule ndani nilikuwa naisikia cherehani yake, nalala kwa mlio wake.

Siku ya kutoka ilipokaribia, ikanyamaza. Asubuhi kimya, jioni kimya, kesho yake vilevile. Nikajua basi, za watu zimekwisha na mimi nimesahauliwa. Kungwi akanikuta nalia, akadhani nataka nyumbani.

"Kwenu si hapo tu, nyuma ya ukuta?" akanitania. Nikazidi kulia.

Siku yenyewe bibi akaingia amekumbatia gauni la njano lenye marinda. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa.

"Mkanda ulikatika," akasema, "na wa kuutengeneza yuko shamba. Nikashona kwa mkono. Hebu geuka nikuone."

Lilinipwaya, maana hakuweza kuja kunipima. Akacheka, akasema nitalijaza. Mimi nilikuwa nimeshika pindo, naangalia ile mishono midogo iliyosogeleana, mingi ajabu. Muda wote niliokuwa nalia, bibi alikuwa upande wa pili wa ukuta ananishonea.

Bibi hayupo tena. Baraza lake limezibwa, sasa ni kibanda cha kuuzia vocha. Wali wa siku hizi hununuliwa magauni yaliyoning'inizwa dukani, yakiwa tayari, na wanapendeza, sikatai. Lile la njano ninalo, nililijaza kweli, kisha likanibana.

Jana nilishona mpaka mwanga ukaniishia, mishono midogo kama ile, kwenye gauni la mtu nisiyemjua. Mara mbili tatu nilijikuta nimesimamisha sindano, natega sikio ukutani. Kimya cha bibi kilikuwa na mtoto wa kukililia. Changu kimesikiwa na muuza maandazi, akajua nimesafiri.