Joka la darajani lilivyonipa mke: maoni yangu kuhusu RPG za zamani na hizi anime zenu

Wakuu, mulembe.

Nimekaa hapa jukwaani muda mrefu nikisoma tu vile mnararuana: anime gani ya mapanga na uchawi ndiyo kali, gemu gani ya RPG ya zamani ndiyo baba yao. Nimenyamaza. Leo nimeshindwa.

Nitakayosema ni ya kweli. Mwenye kuona nadanganya aje Kakamega, nitamnunulia chai na nimwonyeshe huyo mke mwenyewe.

Kwanza mnijue. Shule niliacha darasa la saba na sijawahi kuikumbuka. Leo nina hardware, nina posho mill ya kusaga unga, nina nyumba za kupangisha, na mwalimu aliyekuwa ananichapa kwa sababu ya hesabu ni mpangaji wangu. Namsalimia kila mwisho wa mwezi.

Sasa maoni. Mtanisamehe ama msinisamehe.

Anime nyingi za fantasy za siku hizi ni uvivu. Kijana hana kazi, hajui hata kuosha sahani, anagongwa na lori, anafufuka ulimwengu mwingine akiwa na nguvu zote. Zote! Hajalima, hajabeba gunia, na wasichana wanamng'ang'ania kama mtungi wa pombe ya busaa.

Mimi nimeishi miaka yangu yote karibu na malori ya miwa. Waliogongwa nawajua. Hakuna aliyerudi na upanga.

Halafu mapigano yenyewe. Mtu amechomwa tumboni, badala ya kuanguka ama kutafuta hospitali, anaanza kukumbuka utoto wake. Episode nzima! Adui amesimama hapo na upanga mkubwa kama mlango wa ghala, anamngoja amalize kukumbuka. Na kabla ya kupiga anataja jina la pigo lake kwa sauti. Ndugu zangu, ukitaka kumpiga mtu unamsomea ratiba?

RPG za zamani ni kitu kingine. Huko unaanza ukiwa fala. Una fimbo, una shati moja, na unachapwa na kinyama laini, uji wenye macho. Unarudi kulala, unaamka, unauendea uji tena. Unachapwa tena. Siku moja unaushinda, level inapanda, unanunua kisu. Hayo ndiyo maisha. Mimi hardware nilianza na misumari kwa kopo la mafuta ya kupikia.

Mnasema grinding, huko kurudia vita vidogo ili level ipande, inaboesha. Inawaboesha kwa sababu mlizaliwa mkakuta maji kwa bomba.

Haya, tuingie kwa kisa.

Ilikuwa miaka ya tisini, pale katikati. Nilikuwa fundi wa redio, na kibanda changu kilikuwa karibu na soko la Kakamega. Kulikuwa na Mjapani fulani aliyekuwa akifanya kazi ya miti msituni, upande wa Buyangu. Redio yake ilikufa, fundi mwingine akaizika kabisa, mimi nikaifufua. Alipomaliza kazi na kurudi kwao akanipitia na katoni: mashine ya gemu, kaseti zake chache, na shukrani nyingi za kuinamainama.

Mashine ya kwao inakula umeme kama nusu ya huu wetu. Mtu mwingine angeichomeka ukutani ikawa makaa. Mimi nilifunga transfoma kwa hizi mikono yangu, ikawaka.

Shida ni rangi. TV yangu na mashine yake hazikuelewana. Picha ikatoka kijivu tupu, na kila mara ilikuwa inapanda juu kama pazia mpaka nizungushe kifundo cha nyuma. Sikujali. TV za watu wengi zilikuwa hivyo hivyo.

Na maandishi yote Kijapani. Hapo ndipo nilifurahi, wakuu. Mbele ya hayo maandishi mimi na headmaster tulikuwa darasa moja.

Vijana waliokuja kibandani walitaka ile kaseti ya mpira. Ya RPG waliikataa. Walisema watu wanapanga foleni kupigana kama wanangoja sakramenti. Kwa hivyo mimi nilikuwa naichezanga Jumamosi asubuhi. Jumamosi mapema wanaume wa hapa wanaenda Malinya kutazama fahali wakipigana, na mji unabaki na akina mama na mimi.

Kusoma sikuweza, lakini nilikariri mahali. Chaguo la juu, piga. La pili, uchawi. La tatu, mfuko wa dawa. La chini kabisa, kimbia. Hilo la chini ndilo nililifahamu haraka kuliko yote.

Nilikuwa na watu wanne: kijana wa upanga, mnene wa shoka, msichana wa moto, na mzee wa ndevu ambaye kazi yake ni kuponya wengine. Tulifika kwa daraja. Kwa daraja kuna joka. Tulikwama hapo miezi.

Sasa, kibanda kilichofuata changu kilikuwa cha ushonaji. Hapo alikuwa anashona msichana anaitwa Khasandi. Sitaeleza mengi, mke wangu husoma hapa. Niseme tu nguo zangu zilikuwa zinararuka sana mwaka huo, na zote zilikuwa zinararuka mahali ambapo hata mbuzi hangefikia.

Baba yake, Mzee Shivachi wa Malinya, alikuwa mwenye fahali. Na kwetu mwenye fahali si mtu wa kuchezea. Fahali wake aliitwa Jeshi. Akienda uwanjani anasindikizwa na ngoma za isukuti na watu wanakimbia wakiimba sifa zake.

Lakini wiki chache kabla ya haya ninayosema, Jeshi aligeuka. Katikati ya pigano, mbele ya watu wote, alimpa mwenzake mgongo akatoroka mpaka kwa mahindi ya watu. Kwetu fahali akigeuka amekwisha. Wimbo ulitungwa hiyo hiyo asubuhi, na haukuwa wa sifa.

Tangu hapo Mzee Shivachi hakukanyaga uwanja.

Basi Jumamosi moja niko kibandani na joka langu, naona mwanga wa mlango umezibwa. Ni yeye, na kofia yake, na fimbo yake. Hakukaa.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, Mzee. Karibu."

"Sijakuja kukaribishwa. Msichana wangu anamaliza mwezi hapa, halafu anaenda Lugari kwa shangazi yake. Kuna mwanaume huko ana shamba la mahindi, shamba unaweza kuliona. Wewe una nini? Una sanduku linawaka."

Nilibaki nimeshika controller kama mtu ameshikwa na kuku wa wenyewe.

Na joka lilikuwa linangoja kwa screen.

Mzee akageuka aende. Akasimama. Akaangalia TV.

"Hiyo kitu inangoja nini? Mbona haipigi?"

"Inangoja mimi, Mzee. Ni zamu yangu."

"Zamu? Kwani ni choo?"

"Ndivyo hii gemu iko. Mimi napiga, halafu yeye anapiga."

"Huo ni upuzi." Akasogea. "Haya, piga nione."

Nikapiga. Joka likajibu kwa moto, ndevu za mzee wangu wa gemu zikaungua.

"Huyo wa ndevu kazi yake nini?"

"Anaponya wengine."

"Na umemweka mbele? Nani alikufundisha kupanga ng'ombe? Mweke nyuma huyo! Mnene ndiye wa kupokea pembe." Akavuta stuli kwa mguu. "Huyo msichana ana moto, na hicho kinyama kinakula moto, huoni kinanenepa? Ampe mwenzake nguvu, aache kurusha."

Miezi yote hiyo sikuwa nimeona. Nikabadilisha. Kwa mara ya kwanza joka likarudi nyuma hatua.

Mzee akaangusha fimbo chini. "Lete hicho kidude."

Nikampa. Vidole vyake vilikuwa vikubwa kuliko vitufe. Mimi nikawa wa kusema "juu", "chini", na kuzungusha kifundo picha ikipanda.

Ikawa saa za watu kurudi kutoka Malinya. Wanapita na matawi na jasho, wanasikia mtu anafoka "Mpige! Mpige kwa shingo!" wanaingia. Kibanda kikajaa. Khasandi naye akaacha cherehani akasimama mlangoni na tepu shingoni, anamtazama baba yake kama ametokewa na mzimu.

Akaingia Alubala. Alubala alikuwa na bucha upande wa pili wa barabara, na ule wimbo wa Jeshi kila mtu alijua umetoka kwa kichwa chake.

"Mzee Shivachi!" akasema. "Umepata fahali mwingine? Chunga basi, asije akageuka kama yule."

Watu walicheka. Mzee hakugeuza shingo.

Hapo ndipo mambo yakaharibika. Joka likabadilisha pigo. Mnene akaanguka. Msichana akaanguka. Mzee wa ndevu akaanguka akijaribu kumwinua msichana. Akabaki kijana wa upanga peke yake, na uhai kidogo tu, kama mafuta ya chini ya taa.

Sasa mjue kitu kimoja, nyinyi wa autosave. Hiyo gemu ilikuwa inasave kwa nyumba ya wageni tu, na nyumba ya wageni ilikuwa mbali sana nyuma. Kijana akifa, jasho langu la asubuhi nzima limeenda. Chaguo la kutuokoa lilikuwa moja. La chini kabisa.

Na mimi nimwambie Mzee Shivachi, mbele ya Alubala, mbele ya binti yake, kwamba akimbie?

Kichwani nilishamwona Khasandi akipanda gari la Lugari.

Mzee akauliza polepole, macho kwa TV, "Kijana. Ungekuwa peke yako hapa ungefanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Kudanganya naweza, muulize yeyote aliyeninunulia redio. Lakini ukweli ukatoka wenyewe.

"Ningekimbia, Mzee. Hili joka nimelikimbia kila Jumamosi tangu nilione."

"Na huoni haya?"

"Naona. Lakini nikikimbia, naamka nao wote wanne. Nikikaa, siamki na mtu."

Mzee akaviinamia vitufe.

"Ni kitufe gani?"

"Chini, Mzee. Chini mpaka mwisho. Halafu bonyeza."

Akabonyeza. Yule kijana wa kijivu akageuza mgongo, akawaburuta wenzake, wakatoka kwa screen mbio.

Alubala alicheka akashika ukuta. "Hata kwa TV! Shivachi, hata kwa TV!"

Mzee akasimama, akaokota fimbo, akajipangusa magoti.

"Jeshi yuko nyumbani," akasema. "Ana macho yake mawili, anakula majani. Wako, Alubala, hakukimbia. Ndiyo maana tulimla."

Wakuu, kibanda kililipuka. Ni kweli kabisa! Fahali wa Alubala alikuwa amekaa kiume uwanjani mpaka akachomwa pembe, na kufikia jioni alikuwa ananing'inia kwa bucha ya mwenyewe, watu wamepanga foleni. Mimi mwenyewe nilikula mbavu. Alubala ghafla akakumbuka ana wateja.

Mzee akapita mlangoni. Akamwambia binti yake, "Rudi kwa cherehani." Halafu akanielekezea fimbo. "Na wewe. Lugari ni mbali, kwani nauli ni ya bure? Tutaongea. Lakini Jumamosi nakuja, na huyo wa ndevu nimkute nyuma."

Alikuja. Jumamosi ile na zilizofuata. Tulichapa uji wenye macho, tulipanda level, tulikimbia joka, tukarudi. Mahari tulizungumzia hapo hapo, kati ya zamu na zamu. Mjomba wangu alikuja kama msemaji, akakuta wenyewe wanabishana kuhusu shoka.

Joka tulilishinda baadaye sana, nikiwa nimeshaoa. Tulikuwa wawili tu. Nilidhani Mzee atapiga vigelegele. Aliweka controller chini akaniuliza, "Sasa Jumamosi tutakuwa tunafanya nini?"

Mwaka huu mtoto wangu ameweka hiyo gemu kwa laptop. Ina rangi, na mtu ameitafsiri kwa Kiingereza. Tukampelekea babu yake Malinya. Wakuu, yule kijana wetu wa upanga, simba wetu, nywele zake ni pink! Pink ya keki!

Mzee aliangalia, akasema, "Huyu si wetu. Wetu alikuwa wa kijivu. Toa hiyo rangi."

Mtoto akaitoa. Mzee akashika controller, mikono sasa inatetemeka, akatembea mpaka darajani, na joka lilipotokea akaenda chini, chini, chini, akabonyeza. Wote wanne wakatoka mbio. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hivyo ndivyo unamsalimia.

Kwa hivyo funzo langu ni hili, na sitozi mtu. Shujaa asiyejua kukimbia mimi simwamini, kwa anime wala kwa biashara. Kuna wakati kila mtu huku kwetu alikuwa anaingia kwa kilimo cha miwa, nami nikaingia, nikaona moto wa hasara, nikabonyeza la chini kabisa. Walinicheka. Wengi wao leo wananunua misumari kwangu, na nawapimia vizuri.

Sasa semeni. Nitajieni anime moja tu ya fantasy ambayo shujaa anatoroka, anaenda kula, analala, halafu anarudi bila kuhubiri. Ikiwa nzuri nitaitazama na mzee. Na wale wa kusema RPG zinaboesha, njooni pia, nina posho mill, kuna magunia ya kubeba.