Mwaka Mama Alipopanda Pori

Tawi la mbambara, mti wa nyikani, likivunjwa juani hutoa harufu iliyo kati ya ubani na ganda la chungwa, harufu kavu ambayo hukaa kwenye vidole hata baada ya kunawa mara mbili. Mimi sikuijua harufu hiyo hadi nilipofikisha miaka tisa, kwa sababu nilizaliwa Werugha, juu milimani, ambako kila kitu kilinuka maji: udongo, blanketi, moshi wa jikoni, hata nguo zilizokwisha kuanikwa. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia nyumbani bila kubisha hodi, nasi tulifika shuleni nywele zikiwa zimelowa ingawa mvua haikunyesha. Kisha Baba, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akahamishiwa Voi. Tulishuka na lori la kubeba kabichi, kona baada ya kona, na kadiri tulivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito, mpaka tukafika mtaa wa Kaloleni, kwenye nyumba ya mabati yenye uwanja mtupu wa udongo mwekundu. Nakumbuka nilivua viatu ili niukanyage udongo ule, nikavivaa tena haraka.

Mama alikuwa amebeba bustani yake yote. Katikati ya magodoro na sufuria, lorini, kulikuwa na makopo ya rangi na ndoo zilizotoboka, kila moja na mmea wake: mayungiyungi meupe aliyoyang'oa kando ya kijito, maua ya zambarau ambayo sikuwahi kujua jina lake, na waridi jekundu alilolichukua uani kwa marehemu nyanya yangu, mama yake, wiki chache baada ya kumzika. Aliyapanga makopo hayo mbele ya mlango kwa mstari, kama wanafunzi gwarideni. Siku za kwanza yalisimama wima. Kisha mayungiyungi yakaanza kulala, moja baada ya jingine, na Mama akawa anayamwagilia maji tuliyoogea, anayahamisha kutoka kivuli hiki hadi kile, anayafunika na leso yake ya kwenda kanisani wakati wa adhuhuri. Jua la Voi halikujali. Kila mmea uliokufa aliutoa, akaukung'uta udongo, akaulaza kando ya ukuta. Hakulalamika. Lakini alianza kuongea kidogo, na kukaa mlangoni kwa muda mrefu akitazama upande wa vilima, ambavyo kutoka kwetu vilionekana kama moshi wa bluu uliosahaulika angani.

Mwanzoni mwa Septemba lilibaki waridi peke yake. Jioni moja, nikiwa nafanya hesabu za shule mezani, nilimsikia Mama akimwambia Baba, "Mwalimu, hili waridi likikauka, mimi na Wakesho tunarudi nyumbani." Wakesho ni mimi, na Baba alimwita Mwalimu pale tu alipokuwa amechoka naye. Baba alicheka kidogo, akamtazama usoni, akaacha kucheka. Mimi nilibaki nikiangalia daftari bila kuona namba. Nilimpenda Baba. Tena nilikuwa nimeshaanza kuipenda Voi kisirisiri: honi ya treni alfajiri, maembe yenye pilipili nje ya shule, na joto lenyewe, lililonifanya niote ndoto nikiwa macho. Basi nikaamua kwamba waridi lile halitakufa. Karibu na shule palikuwa na pampu ya maji ya kisima, na kila siku nilijaza chupa yangu, nikalimwagilia Mama asipokuwepo. Maji yale hayakunyweka kwa chumvi. Watu waliyatumia kufulia tu. Mimi nilijiambia maji ni maji. Baada ya wiki mbili majani yaligeuka kahawia kwenye kingo, kana kwamba yamechomwa na mshumaa, na Alhamisi moja nilirudi kutoka shule nikalikuta limelazwa kando ya ukuta pamoja na mengine. Mama alikuwa chumbani. Begi kubwa lilikuwa wazi kitandani.

"Tutaondoka Jumatatu," akasema, bila ukali. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya choo, nikijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua: mimi ndiye niliyeliua.

Jirani yetu aliitwa Bi Mwanaidi. Alikuwa mtu wa Taveta, upande wa Mboghoni, aliyeletwa Voi na ndoa na kuachwa hapo na ujane. Kazi yake ilikuwa kuwapaka hina maharusi, na hina hiyo aliichuma kwenye ua wake mwenyewe, ua wa mihina uliozunguka nyumba yake yote na ambao sikuwahi kumwona akiumwagilia hata kikombe cha maji. Wakati wa maua, harufu yake tamu ilivuka ukuta na kuingia katika chai yetu. Bi Mwanaidi mwenyewe hakuwa mtamu. Aligombana na muuza mkaa, na mbuzi, na watoto waliopiga mpira karibu na ua. Ijumaa ile alijitokeza mlangoni kwetu na sururu begani.

"Mama Wakesho, wasema wenda zako Jumatatu?"

"Nani amekuambia?" Mama akauliza.

"Mabati haya yapitisha kila neno, mwenzangu. Kesho una kazi gani?"

"Kufunga mizigo."

"Mizigo yafungwa kwa saa moja. Njoo unisaidie kuchimba. Lile pori nyuma yetu lafyekwa. Mwenyewe ataka kujenga maghala. Nimemwomba, amesema tuchukue tutakacho kabla ya tingatinga kuja. Mimi peke yangu siwezi." Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Jina lako nani hasa? Nimechoka kukuita kwa jina la mtoto."

"Mkawasi," Mama akasema, kana kwamba alikuwa amelitafuta kwanza.

Nadhani alikubali kwa adabu tu. Jumamosi asubuhi tulitoka watatu, na wilbaro ya kuazima, tukaingia katika pori ambalo mimi nilikuwa nimelipita kila siku bila kuliona. Kwa nje lilikuwa kijivu tupu, kama rundo la kuni. Ndani mlikuwa na mwanga mwingine. Matawi yaliyokosa majani yaliukata mwanga vipande vidogo vidogo vilivyotembea juu ya mikono yetu. Maganda makavu ya mbegu yaligongana juu yetu kwa upepo usioonekana, hondohondo wakaitana mbali, na kila tulichokigusa kilitoa harufu yake. Bi Mwanaidi alitembea akitaja majina: huu mbambara, kata fimbo uichomeke ardhini itaota yenyewe, hii shubiri, maua yake ya rangi ya moto huwaita ndege chozi, hii katani mwitu, iweke pale maji ya paa yanapodondokea. Mama alikuwa akimfuata nyuma kwa hatua moja. Mwanzoni alisema "mmh" tu. Baadaye nilimsikia akiuliza maswali.

Kisha tukafika mahali penye uwazi, na Mama akasimama. Mbele yetu palikuwa na mmea mfupi wenye shina nene, lililovimba kama kibuyu kilichoegemea jiwe. Haukuwa na jani hata moja. Ardhi chini yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Lakini ncha za matawi yake yote zilikuwa zimejaa maua ya rangi ya waridi, mapya, mengi, kama mtu aliyevaa nguo za harusi akasahau viatu. Watu wa mtaani waliuita waridi la nyika.

"Huyu anakunywa nini?" Mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Alichokinywa mwaka jana," Bi Mwanaidi akajibu. "Amekiweka tumboni."

Mama alipiga magoti. Alichimba kuuzunguka ule mmea taratibu, akiondoa udongo kwa vidole kila alipofika kwenye mzizi. Nilimtazama jasho likimdondoka kidevuni. Hakulipangusa.

Tingatinga lilikuja mchana, siku moja kabla ya ahadi. Tulisikia kwanza mtetemo ardhini, kisha mlio, kisha miti ya ukingoni ikaanza kuanguka bila haraka, kama watu wanaosinzia. Mama alinyanyuka, akaenda moja kwa moja kusimama mbele ya lile dude la manjano, udongo ukiwa umemganda hadi viwikoni. Dereva alizima injini. Alikuwa Mkamba wa makamo, jina lake Mutuku, na alionekana kuogopa zaidi yetu.

"Mama, nilikuwa karibu kukukanyaga!"

"Tunaomba kona hii mpaka jioni," Mama akasema. "Bado mimea sita."

"Mimi nimetumwa, mama yangu. Nimeambiwa nianze leo."

"Basi anza upande ule wa reli. Pori ni lile lile."

Mutuku alitazama upande wa reli, akatazama shimo letu na ule mmea uliosimama nusu nje ya ardhi na maua yake yote. "Huo nyumbani kwetu tunaupanda makaburini," akasema. Akawasha injini, akarudi nyuma polepole, akaenda kuanzia kule.

Mimea sita ilikuwa mingi kuliko nguvu zetu. Bi Mwanaidi akanituma mbio kumwita Baba. Alikuja na viatu vyake vya shule vilivyong'arishwa, shati jeupe, kalamu mfukoni, akasimama akimshangaa mke wake.

"Kumbe uko hapa," akasema.

"Shika upande huo," Mama akamjibu. "Usivute shina. Inua kwa chini."

Akashika. Akainua kwa chini. Walibeba ule mmea mkubwa kuliko yote pamoja, wakitembea kwa ubavu kama kaa, Mama akimwelekeza kushoto na kulia, na sikumbuki kama kuna siku nyingine kabla ya hapo niliyowaona wakibeba kitu kimoja.

Tulipofika nyumbani Bi Mwanaidi alipiga kelele tunawe, kwa sababu utomvu wa waridi la nyika ni sumu. Wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Mama alinikalisha juu ya ndoo, akaanza kunisugua vidole kwa sabuni ya mche, kimoja kimoja. Hapo ndipo nilipoangua kilio, nikamwambia yote: pampu, chupa, maji ya chumvi.

Hakuacha kusugua. "Nilijua," akasema. "Niliona weupe wa chumvi kwenye kopo."

"Mbona hukunikataza?"

Alimaliza kwanza mkono wa kulia. "Nilitaka sababu ya kuondoka, Wakesho. Wewe ukawa unanitengenezea. Nisamehe. Lete mkono huo mwingine."

Jumatatu ilifika na hatukuondoka, kwa sababu ambayo leo naiona ndogo ajabu. Mizizi iliyokatwa ilipaswa kulala kivulini wiki nzima hadi majeraha yake yakauke, vinginevyo ingeoza ardhini, na Mama alisema hawezi kuacha kazi katikati. Wiki ilipokwisha alipanda. Shubiri kando ya mlango, katani mwitu chini ya michirizi ya paa, mawaridi ya nyika katikati ya uwanja juu ya vilima vidogo vya mawe, na kuzunguka pote fimbo za mbambara, mia na zaidi, kavu, bila jani. Majirani walicheka kwamba mke wa mwalimu amepanda kuni. Mama naye akasema basi atangoja tu aone kama kuni zitaota. Begi lilikaa chini ya kitanda limefungwa. Oktoba yote tuliishi hivyo, kama watu walio stesheni, huku kila asubuhi Mama akitembea kwenye mstari wa fimbo na kuzikwaruza kwa ukucha kuona kama ndani bado mbichi.

Mvua ilinyesha usiku mmoja wa Novemba nikiwa nimelala. Siku ya nne fimbo zilikuwa na vidoti vya kijani, vidogo kama vichwa vya sindano.  Jioni hiyo nilimwona Mama amevaa gauni lake la samawati, lililokuwa ndani ya begi, na wiki iliyofuata nikapata sweta langu, kisha mashuka yakarudi kitandani. Hakulifungua begi siku moja akatangaza. Alilimaliza kidogo kidogo, kama mtu anavyomaliza gunia la mahindi.

Sasa nina watoto wawili, na pori lile ni maghala yenye paa la samawati na taa kali. Bi Mwanaidi ametutoka. Mimea iliyokuwa ikiitwa kuni siku hizi hupangwa kwenye vyungu kando ya barabara kuu, na wenye nyumba mpya Voi hushuka kwenye magari kumwuliza Mama namna ya kupata bustani isiyodai maji. Huwapa miche aliyoiotesha mwenyewe kwa mbegu. Hakubali mtu achimbe nyikani, isipokuwa pale tingatinga lilipo njiani. Nafurahi, na pia kuna kitu kinachoniuma, kwa kuwa mimi niliyajua maua yale mahali yalipoota yenyewe, bila mtu kuchagua, na wanangu huyajua yakiwa na chungu. Nikiwaeleza mwanga wa ndani ya pori lile hunisikiliza vizuri, kwa heshima, kama wanavyosikiliza habari za nchi ya mbali.

Mwaka jana Baba alistaafu. Aliijenga upya nyumba ya Werugha, akapaka rangi madirisha, akaja kumwambia Mama kwamba hatimaye wakati umefika, warudi nyumbani. Mama alikuwa anapepeta mbegu za mgunga kwenye ungo. Akamwambia, "Tangulia tu, Mwalimu." Akatangulia. Alikaa kule siku kumi na moja, akarudi na mafua na gunia la kabichi, akaegesha fimbo yake ya kutembelea mlangoni, akauliza miche ipi aimwagie maji.