Nyumba Arobaini na Moja za Ibouroi

Saa mbili asubuhi, Ibouroi Saindou amelala kifudifudi kwenye sakafu ya saruji ya kituo kidogo cha afya, mwendo kidogo ndani ya bara kutoka gati la Katsepy, kaskazini-magharibi mwa Madagaska. Shavu lake linagusa sakafu. Mkononi ameshika kioo cha kunyolea. Anakisukuma taratibu chini ya friji nyeupe iliyochubuka rangi, kisha anachungulia.

"Bluu," anasema. "Safi kabisa."

Muuguzi mkuu wa kituo, Rabiata, anacheka akiwa mlangoni. "Huyu bwana hutamwona amesujudu popote isipokuwa mbele ya friji."

Ibouroi naye anacheka, anajifuta vumbi, anakaa kitako. Utani huo ameusikia kwa miaka mingi na haujamchosha. Ana umri wa miaka 58. Kwa miaka thelathini sasa, kazi yake ni kuhakikisha kwamba chanjo za vijiji vilivyo ng'ambo ya ghuba ya Mahajanga hazipati joto, wala hazigandi.

Friji hii haina waya wa umeme. Inatumia mafuta ya taa. Chini kuna utambi unaowaka. Mwali ukiwa wa bluu, juu kunakuwa na baridi. Ukiwa wa njano, masizi hujaa kwenye bomba na baridi hupungua.

"Moto unaleta baridi," anasema, na uso wake unang'aa. "Nimekuwa nikiliangalia jambo hili tangu nina miaka kumi na saba. Kila nikiliona, nashukuru kwamba nimezaliwa baada ya watu waliolivumbua."

Tunazungumza kwa Kikomori chake na Kiswahili changu. Tukikwama, Rabiata anatuokoa kwa Kifaransa. Na mwenyeji akipita, Ibouroi hugeukia Kisakalava, lugha anayoitumia siku nzima.

Alizaliwa Mahajanga mwaka 1960, katika familia yenye asili ya Ngazidja, kisiwa kikuu cha Komori. Baba yake alikuwa kuli bandarini. Mama yake, Oumi, alimpeleka chuoni asome Kurani kama watoto wote wa mtaa.

Desemba 1976, mji uliwageukia Wakomori. Nyumba yao ilichomwa. Baba yake hakurudi kutoka bandarini siku ile, wala siku nyingine yoyote.

"Mama alinishika mkono mmoja, na mkono wa pili alishika sufuria ya wali," anasema. "Jirani yetu Mmalagasi, mama muuza makaa, alituingiza ghalani kwake akatufunika kwa magunia. Tulikaa siku tatu. Watu walikuja kumuuliza mlangoni. Akawaambia hajatuona."

Anakifuta kioo chake kwa pindo la shati.

"Baadaye ndugu zangu walisema Mungu ametuokoa. Siwalaumu. Lakini mimi nilimwona aliyetuokoa. Alivaa leso iliyochanika, na miguu ilikuwa ikimtetemeka. Nilijiambia, shukrani yangu nitaipeleka pale nilipouona ule mtetemeko. Sikugombana na mtu. Niliendelea kuishi, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona dunia inanitosha."

Mapema mwaka 1977, mama na mwana walihamia kisiwa cha Nosy Be, kwa shangazi yake aliyeishi Marodoka. Huko Ibouroi alipata kazi ya kubeba mapande ya barafu ya wafanyabiashara wa kamba wa baharini, mjini Hell-Ville. Fundi wa mashine za barafu aliitwa Hamidou, mtu mfupi asiyependa maswali ya kijinga lakini aliyependa sana maswali mazuri.

"Nilimuuliza baridi inatoka wapi. Alichukua marashi ya mlangilangi ya mkewe, akanipaka mgongoni mwa mkono, akapuliza. 'Unasikia nini?' Nikasema, baridi. Akasema, 'Maji yakiondoka kuwa mvuke, huondoka na joto. Mashine hii yote ni pumzi yangu na mkono wako. Sasa beba barafu.'"

Miezi miwili baadaye Hamidou alimpa kitabu cha fizikia cha shule, cha Kifaransa, kisicho na jalada. Ibouroi alikisoma mpaka kurasa zikalegea.

Mwaka 1985 alirudi Mahajanga, akapanga chumba mtaa wa Tanambao, akamwoa Zaïnabou; miaka mitatu baadaye idara ya afya ilimwajiri kutunza friji za chanjo. Mke wake huswali swala tano na huuza mokary, vile vikate vya mchele na nazi ambavyo mji mzima huvila asubuhi. Ni mauzo hayo, Ibouroi anakiri, yaliyolisha nyumba kila mshahara wa serikali ulipochelewa, na ulichelewa mara nyingi.

Nilikula nao chakula cha mchana siku iliyofuata. Zaïnabou alisema bismillahi. Ibouroi alisubiri mpaka amalize, kisha akaanza na yake.

"Asante wewe uliyepika. Asante watu wa Marovoay waliolima mchele huu. Asante aliyemvua samaki, na aliyevunja nazi, na aliye..."

"Taja wawili tu leo," Zaïnabou alimkatiza. "Mgeni ana njaa."

Zamani jambo hili lilimwumiza mama yake. Oumi aliishi nao mpaka alipofariki, na kila siku alimuuliza, "Mwanangu, ukishiba unamshukuru nani?" Ibouroi alikuwa akimjibu, "Wewe, mama, kwanza." Mwishowe, anasema Zaïnabou, bibi yule akawa anakuja mezani mapema ili asikose kutajwa.

Lakini habari ambayo watu wa ng'ambo ya ghuba husimulia juu yake ni ya mwaka 1993.

Aprili ya mwaka huo, joto likiwa kali, Ibouroi aliukuza mwali wa friji ya kituo hiki. Alikuwa na haraka ya kuiwahi feri. Alimwambia Rabiata, aliyekuwa muuguzi kijana wa miaka 24, asiuguse kabisa mpaka yeye arudi. Gari la idara liliharibika. Alirudi Agosti.

Katikati hapo, majira ya ubaridi yaliingia. Mchana kipimajoto kilionyesha nyuzi nne, na Rabiata aliandika nne kila siku kwenye daftari. Alfajiri, hakuna aliyetazama.

"Nilifungua mlango nikaona barafu nyembamba nyuma ya vichupa vya chanjo ya pepopunda," anasema Ibouroi.

Chanjo hiyo ikiganda huharibika, na kwa macho huwezi kujua. Lakini kuna kipimo. Alichukua kichupa cha pale na kingine alichokuja nacho kwenye kisanduku chake cha baridi, akavitikisa pamoja, akaviweka dirishani. Wakakaa wawili kuvitazama. Kile alicholeta yeye kilibaki na ukungu sawasawa. Cha friji kilianza kushusha chembe chini, kama maji ya mchele.

Rabiata alifungua daftari. Tangu baridi ilipoanza, wajawazito arobaini na mmoja walikuwa wamedungwa chanjo ile, ili wao na watoto wao wasipatwe na pepopunda wakati wa kujifungua.

"Nilimwambia, kaka Ibouroi, vichupa tuvitupe, na tunyamaze," anakumbuka Rabiata. Haoni haya kulisema. "Wanawake wale nilikuwa nimewabembeleza mwaka mzima waje kituoni. Wakisikia sindano ilikuwa bure, hawatarudi tena, na watoto watakufa kwa sababu hiyo. Nikamuuliza, nani atajua?"

"Nikamwambia, mimi najua," anasema Ibouroi. "Na wewe sasa unajua."

Alivuka kurudi Mahajanga kuripoti. Alipewa barua ya onyo na akanyimwa posho kwa miezi mitatu. Nyumbani, Zaïnabou alimwambia atubu.

"Nilimuuliza nitubu kwa nani. Niliowakosea wana majina, na majina yamo daftarini. Mwenzangu anayeswali anaweza kuomba msamaha akiwa chumbani mwake. Mimi sina pa kuupeleka ila kwa wenyewe."

Zaïnabou hakubishana. Alimfungia mokary ishirini kwenye kitambaa. "Nilimwambia, basi nenda, lakini usiende kuwaambia watu ukweli na tumbo tupu," anasema. "Mtu mwenye njaa hufupisha maneno."

Alitembea siku tisa, vijiji kumi na viwili. Pengine alipata gari la ng'ombe; sehemu kubwa alikwenda kwa miguu. Kila nyumba alisema maneno yaleyale kwa Kisakalava: friji iliganda, kosa ni langu, si la muuguzi, chanjo uliyopata huenda haina nguvu, mpya imefika, tafadhali urudi.

Si wote waliompokea vizuri. Katika nyumba ya kumi na nane mume wa mmoja wao alimfukuza hadi njia panda. Mkunga mmoja mzee alimwambia hayo ndiyo malipo ya kuamini sindano.

Nyumba aliyoiogopa zaidi ilikuwa ya Soafiavy. Rabiata alikuwa amemweleza: mimba ya miezi saba, na mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku nane, taya limekaza, hawezi kunyonya. Ilikuwa pepopunda. Soafiavy alikuwa ametembea tangu alfajiri kuifuata sindano ile.

Alimkuta akipepeta mchele. Alimweleza yote. Mwanamke hakusimamisha ungo.

"Umetoka wapi?" aliuliza hatimaye.

"Kituoni."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Umekuja kuniambia umekosea?"

"Ndiyo, dada."

Soafiavy aliweka ungo chini, akaingia jikoni. Alirudi na kikombe cha ranovola, maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali ambayo huko hunywewa kila nyumba.

"Hakusema amenisamehe," anasema Ibouroi, na sauti yake inashuka. "Alinipa ninywe. Kisha akauliza sindano mpya ni siku gani. Nimeshukuru mambo mengi maishani, lakini kikombe kile sijui nitakimaliza lini kukishukuru."

Kati ya wanawake arobaini na mmoja, thelathini na tisa walirudi kuchanjwa upya. Mmoja alikuwa amehama. Mmoja alishajifungua, na mtoto wake alikuwa mzima.

"Bahati," anasema Ibouroi. "Sikuipa jina jingine."

Soafiavy alijifungua Oktoba, mtoto wa kike mwenye sauti kubwa. Na hofu ya Rabiata haikutimia. Daftari lake la mwaka uliofuata lina wajawazito 212. Mwaka wa kosa walikuwa 140.

"Niliwauliza mbona mmekuwa wengi," anasema Rabiata. "Wakanijibu, kule ukikosewa utaambiwa."

Tangu siku ile, kipimajoto cha kituo husomwa mara mbili, alfajiri na mchana, na Rabiata ndiye anayeupunguza na kuukuza mwali. "Kosa langu la kwanza halikuwa moto," anasema Ibouroi. "Lilikuwa kumwambia mtu mwenye akili zake asiuguse."

Friji za mafuta ya taa katika eneo lake zimebaki mbili. Nyingine sasa ni za nguvu ya jua, na hii ya kituoni itabadilishwa kabla ya mvua. Yeye mwenyewe atastaafu mwaka 2020. Yeye na Zaïnabou wameshakubaliana kuhamia Nosy Be, kwenye nyumba ya shangazi. Chumba cha mbele atakifanya darasa la mafundi wa friji za chanjo wa visiwa vya karibu. Ameshapata meza, na friji mbovu tatu za kujifunzia.

Mezani kwao, tulipomaliza kula, namuuliza siku ya kwanza atafundisha nini.

"Siku ya kwanza hatutafungua friji," anasema. "Nitamwomba kila mmoja anieleze jambo alilowahi kukosea, na alikwenda kumwambia nani."

"Watakukimbia wote," anasema Zaïnabou akikusanya sahani.

Ibouroi anainuka, anampokea sahani zile.

"Atakayebaki," anasema, "ndiye nitakayempa bisibisi."