Mita Hamsini kwa Mgongo, Mara Mbili

Nilianza kuogelea nikiwa na miaka sitini na tatu, kwa sababu ya goti. Daktari aliniambia niache kubeba magunia kwenye mteremko, niingie majini. Nikamwuliza kama ananiona bata. Lakini mjukuu wangu mkubwa hufundisha watu kuogelea katika klabu moja hapa Nakuru, na huyo hana mchezo. Alininunulia nguo nyeusi ya kuogelea na kofia ya mpira inayobana kichwa kama sufuria ndogo, akanivuta hadi kwenye ngazi ya bwawa. Wiki tatu nilishika ule ukuta kama kupe. Wiki ya nne nikauachilia.

Mtindo wangu ni wa mgongo. Ule wa kifudifudi unaniingiza maji puani, na mimi sikuzaliwa kunywa maji waliyoogea watu wengine. Kwa mgongo napumua ninavyotaka, na nayaona mawingu yakitoka upande wa Dundori.

Baada ya miaka minne mjukuu akaniambia kuna orodha. Watu wazima wanaoshindana huandikwa muda wao, nchi nzima, kila mtu na rika lake, hata wanawake wa sitini na tano hadi sitini na tisa. Nikamwambia aniandike.

"Huandikwi hivyo tu, shosho," akacheka. "Lazima uogelee kwa mashindano, kwa bwawa limepimwa urefu, refa akiwa hapo. Na upimwe na stopwochi tatu. Halafu refa aweke sahihi kwa fomu."

"Si wewe hunipima kila Jumamosi?"

"Mimi ni mjukuu wako. Nani ataniamini?"

Nilisoma hadi darasa la tatu. Jina langu liko kwa kitambulisho, kwa kadi ya kliniki na kwa daftari la kanisa. Halijawahi kuandikwa mahali popote kwa sababu ya kitu nilichofanya na mwili wangu kwa kupenda kwangu mwenyewe. Nililitaka kwenye hiyo orodha vile mwanamke mwenye mimba anavyotaka udongo.

Klabu ikatangaza mashindano. Shida ikawa wapimaji. Hawakutosha, kwa hivyo kila mwogeleaji aliambiwa alete watu wa kushika stopwochi kwenye mstari wake. Nikaleta wanawake watatu wa kanisa letu kule Lanet. Wa kwanza anauza viazi sokoni. Wa pili ni jirani yangu. Wa tatu tulikuwa hatujasalimiana tangu Pasaka, kwa sababu nilisema mbele ya watu kwamba hakurudisha viti vya kanisa. Alikuja kwa sababu alikuwa ameshasema atakuja. Ni mtu wa hivyo.

Mjukuu aliwafundisha asubuhi mbili nzima. Ukiona taa ya kuanzia, bonyeza, usingoje mlio. Mtu akikaribia, inama juu ya ukuta. Mkono ukigusa, bonyeza. Walishika vizuri kabisa. Mama wa viazi alikuwa na kidole chepesi kuliko wote.

Siku yenyewe maji yalikuwa baridi, yanatoa mvuke kama uji. Nilipewa mstari wa sita. Wenzangu watano walikuwa watoto kwangu, hakuna aliyefika hamsini. Walimaliza mimi nikiwa ndio nimegeuka upande wa pili. Sikujali. Ukiwa wa mwisho bwawa lote ni lako. Masikio yakiwa majini husikii kitu isipokuwa moyo wako. Nikaziona bendera juu, zile zinazokuambia ukuta uko karibu, nikahesabu mikono minane, nikagusa.

Nikainua macho. Kitu cha kwanza nilichoona ni vilimi vya kooni vya wanawake wawili. Midomo wazi, mikono juu, vigelegele vinapasua anga, na stopwochi zimening'inia shingoni zikicheza ngoma peke yake. Wa tatu, yule wa viti, alikuwa ameinama juu ya ukuta, midomo imefungwa kabisa, kidole gumba kimekandamizwa.

Refa alikuja, mwanamume mwembamba wa shati jeupe. Akasoma stopwochi moja, akasoma ya pili, akakuna kidevu.

"Mathe, pole. Hizi mbili bado zinatembea."

"Na hiyo moja?"

"Inasema dakika moja na sekunde ishirini na nane. Lakini moja haitoshi."

"Si umeniona nikigusa ukuta?"

"Nimekuona vizuri. Lakini macho yangu hayana sekunde."

Nilitoka majini nikitiririka. "Nyinyi wawili," nikawaambia, "niliwaleta hapa kufanya kazi ama harusi?"

"Haki ulikuwa unapendeza!" Mama wa viazi alikuwa analia kwa furaha. "Umekuja umelala hivyo kama bibi arusi, tungefanyaje?"

"Mngebonyeza!"

Mjukuu alimfuata refa, akamwongelesha kwa adabu. Refa akasema sheria inamruhusu kunipa nafasi moja mwishoni, niogelee peke yangu, lakini wapimaji wabadilishwe. Wabadilishwe na nani? Wengine walikuwa wanakunja virago. Hapo ndipo yule wa viti akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Tupe dakika moja, boss." Akachukua chupa ya maji, akawageukia wale wawili. "Fungueni midomo. Jazeni. Atakayetema kabla hajabonyeza atarudi nyumbani kwa miguu."

Refa akaangalia pembeni. Nadhani alikuwa anacheka.

Nikaingia tena. Goti lilikuwa limechoka, mabega yalikuwa mazito, na kwenye kugeuka niliteleza kidogo. Sikuona mawingu yoyote. Nilizihesabu bendera, nikahesabu mikono, safari hii tisa, nikagusa. Juu yangu, nyuso tatu zimeinama, mashavu ya wawili yamevimba kama ya vyura. Kisha maji yakanimwagikia kichwani na kelele ikaanza.

Stopwochi zote tatu zilisema dakika moja na sekunde thelathini na moja, zikitofautiana kwa visehemu vya sekunde tu. Sekunde tatu zaidi ya ile ya kwanza. Iliniuma, sitadanganya. Lakini refa aliweka sahihi.

Nikamwendea yule wa viti, maji bado yananidondoka. "Asante," nikamwambia.

"Viti viko stoo, nyuma ya hema," akasema. "Tangu Jumatatu ya Pasaka. Hukuangalia."

"Sikuangalia."

"Utasema hivyo Jumapili?"

Nilisema, nimesimama, kanisa zima likisikia.

Orodha ilitoka baada ya mwezi. Mjukuu alikuja na simu, akaketi kando yangu jikoni.

"Uko wa nne, shosho."

"Wa tano ni nani?"

"Hakuna. Mko wanne."

"Na wa tatu ana ngapi?"

"Dakika moja na sekunde ishirini na nne."

Nikapiga hesabu kwa vidole. Hata ile ya ishirini na nane isingemfikia, kwa hivyo vigelegele havikuniibia nafasi. Moyo ukatulia. Nikafuta mikono kwa aproni, nikamwambia asome tena, polepole, aanzie juu kabisa, asiruke mtu.