Mkeka wa Bibi Ndani ya Kamba

Mimi si msemaji. Shuleni mwalimu akiuliza swali ninalolijua, moyo hunienda mbio, na mpaka nimalize kujipanga, mwingine keshajibu. Kwa hiyo Bibi alipokuja London kututembelea na Mama akaniambia mimi ndiye mkalimani wake, nilitamani kuugua. Bibi ni mtu wa Pemba. Kiingereza chake chote ni "senkyu", na huiambia hata milango ya treni inapofunguka.

Tatizo la Bibi ni kwamba hawezi kukaa mikono mitupu. Siku zake za mwanzo hapa Barking alifua mpaka vitu visafi. Mama hulea wazee kwenye nyumba ya wazee, akirudi kachoka, na hakutaka kukuta mapazia yameanikwa tena. Akasikia kuna mradi wa sanaa kila Jumamosi kwenye jengo kuukuu karibu na soko. Msanii mmoja, mwanamke wa Kiingereza, alitafuta wanawake wa mtaani wamsaidie kutengeneza kitu kikubwa kwa taka za mji. Chai bure, Mama akasema. Mpeleke.

Taka zenyewe zilikuwa mikanda ya plastiki, ile ya kufungia maboksi, inayotupwa nyuma ya maduka. Magunia kwa magunia, buluu, njano, nyeupe. Yule msanii alikuwa na mchoro wa ndege mkubwa wa kuning'inia. Bibi hakuutazama. Alivuta mkanda mmoja, akaukunja, akaunusa.

"Hii ni miyaa ya wapi?" akaniuliza.

Kwao miyaa ni majani ya mkindu. Unayachana, unayasuka utepe mrefu uitwao ukili, kisha ukili unaushona ubavu kwa ubavu mpaka unapata mkeka. Bibi aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, akaanza. Sijui nielezeje. Nilikuwa nimemwona Bibi akimenya vitunguu, akivaa soksi mbili mbili kwa baridi, akisinzia mbele ya televisheni. Sikuwahi kuviona vidole vyake vikikimbia hivyo, macho yake yako kwingine kabisa, na utepe unatoka chini ya mikono kama vile ulikuwamo humo tangu zamani. Msanii alikuja akachuchumaa kando yake. Mchoro wa ndege sikuuona tena.

Basi ukawa mradi wa mkeka. Wanawake walijifunza kwa Bibi, na aliyeshika upesi kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Kikongo anayesuka nywele Peckham. Yeye aliunga mikanda kama anavyounga rasta, huoni pa kuanzia. Nyumbani Bibi alijaza maji kwenye bafu akailoweka mikanda humo, maana miyaa hulowekwa ilainike. Mama aliingia kuoga akatoka na taulo lake.

"Mama, ile ni plastiki. Hailainiki," akamwambia Bibi.

"Najua," Bibi akasema. "Mkono wangu ndio bado hauamini."

Na mimi nilisuka. Ukili wangu ulianza umekaza, katikati ukalegea, halafu ukaenda upande. Bibi aliupima kwa kidole akasema huu umelewa. Nilitaka kuufumua, akanikataza, kila mkono na mwendo wake. Mama wa Kikongo alimuuliza Bibi kama huyu mjukuu wake ana ulimi kweli, maana Jumamosi zote hizi hajamsikia ila akitafsiri ya wenzake.

"Huyu mke mwenzangu," Bibi akasema, ndivyo anavyoniita kwa utani, kama mabibi wote wa kwetu. "Ulimi anamwekea babu yake."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nikainamia ukili wangu, lakini nilikuwa nacheka pia.

Jumamosi ya mwisho, mkeka ulipokwisha kushonwa na kujaza sakafu yote, Bibi aliniambia nimweleze msanii jambo. Kwao mkeka haujaisha mpaka ukaliwe. Mwenye mkeka huwaita wote waliomsaidia, wanavua viatu, wanakaa juu yake pamoja. Kabla ya hapo ni ukili tu ulioshonwa. Na yeye angependa aukalie kabla hajaondoka, maana safari yake ilikuwa Jumanne, mara tu baada ya maonyesho kufunguliwa. Nilitafsiri kwa sauti ndogo. Msanii aliweka mkono kifuani, akaniomba nirudie polepole, akaandika. Nikadhani tumeelewana.

Maonyesho yalikuwa katika jumba la sanaa kando ya mto, moja ya yale ambayo nimeyapita kwa basi maisha yangu yote nikijua ni ya watu wengine. Kuingia ni bure. Sikujua. Ndani hapakuwa chumba, palikuwa kama uwanja wenye paa. Mtu alikohoa upande wa pili, na kikohozi kikapanda juu huko kikachelewa kurudi. Nilivua kofia bila kuambiwa. Bibi akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Kisha tukauona. Mwanga ulishuka kutoka madirisha ya juu ukatua juu yake wote, na ile mikanda iliyokuwa imelowa kwenye bafu letu iling'aa kama kitu kilichopikwa kwa moto. Watu wageni walikuwa wamesimama kuuzunguka, wananong'ona kama wako msikitini. Nilimtazama Bibi, huyu wa soksi mbili mbili, nikawaza kwamba hawa wote wanamnong'onea yeye na hawajui.

Ila ulizungushiwa kamba. Kamba nene ya kijivu kwenye vijiti, na mlinzi wa kike mwenye redio pembeni. Ukutani juu yake palikuwa na maandishi makubwa meupe. Bibi akauliza yanasemaje. Nikamsomea: mkeka haujaisha mpaka ukaliwe.

"Si maneno yangu hayo?"

"Ni yako, Bibi."

"Basi," akasema, akainama kufungua viatu.

Kabla sijajua nifanye nini alikwishapita chini ya kamba. Wanawake wa Jumamosi waliokuwa nyuma yetu walifanya kile ambacho yeyote wa kwetu angefanya akiona mkeka umetandikwa na mkubwa ameketi: wakavua viatu, wakavipanga ukingoni, wakaingia na vitenge vyao na mabuibui yao, wakapeana nafasi. Mama wa Kikongo alikuwa tayari ananyoosha mgongo. Mlinzi akaongea kwenye redio. Msanii akaja mbio, uso mwekundu, akanivuta kando.

Alinieleza vizuri tu, hakuwa mkali. Kwamba huu sasa ni kazi ya sanaa, jumba lina sheria, kitu kikiwekwa hapa hakiguswi hata na aliyekitengeneza. Tafadhali mwambie bibi yako anyanyuke.

Ilikuwa zamu yangu kutafsiri, kama kila Jumamosi. Niligeuka. Bibi alikuwa ameketi katikati, miguu imenyooka, anaupapasa mkeka kwa viganja. Ukumbi mzima ulitutazama. Masikio yaliniwaka.

"Hilo siwezi kumwambia," nikasema kwa Kiingereza, na sauti yangu ikapanda juu kama kile kikohozi. "Anaondoka Jumanne. Na ninyi wenyewe mmeandika ukutani."

Msanii akatazama ukuta. Alitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma mwandiko wake na hautambui. Halafu akaenda kusema na wakubwa wa jumba, mikono yake ikienda huku na huku. Mimi nilisimama palepale kando ya kamba. Aliporudi alisema tukae mpaka jumba lifungwe, leo tu, kesho kamba inarudi. Mlinzi akasogeza vijiti viwili. Wageni walipiga picha viatu vyetu vilivyopangwa, nadhani walidhani ni sehemu ya kazi.

"Anasemaje?" Bibi akauliza.

"Anasema kaa."

"Nimeshakaa. Njoo wewe."

Nilivua viatu. Soksi yangu moja ilikuwa imetoboka, basi. Nikalala chali kando yake, na kutoka pale chini lile paa lilikuwa mbali zaidi, mwanga unashuka polepole, vumbi linaelea ndani yake, na sauti za kina mama zinapanda huko zikichanganyika, za Pemba, za Kongo, mpaka zikawa mvumo mmoja juu yetu. Sijawahi kuwa ndani ya kitu kikubwa namna ile. Bibi alikuwa bado anapapasa, mshono kwa mshono, mpaka kiganja kikasimama.

"Huu hapa," akasema. "Ule ukili mlevi."

Akauchukua mkono wangu akauweka pale.