Kufuli la Orrin

Kaka yangu Orrin alikutwa amekufa getini kwetu saa sita mchana, ufunguo sahihi ukiwa mkononi mwake. Kufuli lake lilikuwa limefunguka. Geti halikufunguka.

Naitwa Verla. Ni mwenyekiti wa umoja wa wenye nyumba huku milimani Montana, nyumba kumi na mbili kwenye barabara moja ya kokoto. Kazi yangu ni theluji, mashimo, kisima na mbwa wa Darlene. Hasa mbwa wa Darlene.

Geti letu lina mnyororo, na kila nyumba ina kufuli lake. Kufuli hili limeng'ata lile, lile limeng'ata jingine, yote kumi na mawili. Ukifungua lako, mnyororo unaachia. Ukirudisha, lazima lako ling'ate kufuli la jirani yako.

Ukiliruka la jirani, umemfungia. Lake linabaki linaning'inia. Atalifungua, litambakia mkononi, na geti litabaki vilevile.

Ndicho kilichompata Orrin. Kifua kilimbana, akaingia kwenye pikapu aende hospitali mwenyewe. Simu aliisahau mezani nyumbani. Mleta barua ndiye aliyemkuta.

Gari la wagonjwa lilipokuja wakakata mnyororo. Mimi nilikuwa mjini. Niliporudi niliangalia viatu vya Orrin, nikawaza kwamba soli zinahitaji kubadilishwa. Basi. Sikuwaza kingine.

Watu wakaleta mabakuli ya viazi na jibini. Nikala. Nikaosha mabakuli, nikayarudisha kwa wenyewe.

Siku ya nne, baada ya mazishi, tukakutana sebuleni kwa Darlene.

"Tusizungushane," Darlene alisema. "Ni Tobin. Alipohamia hapa aliruka kufuli langu, nikakaa kwenye baridi saa nzima!"

Tobin alitoka California miaka miwili nyuma. Huku kwetu huyo bado ni mgeni.

"Hilo la mwanzo nilikosea, na nilikuomba radhi, mama," Tobin alisema. "Lakini siku ile sikupita getini kabisa."

"Nani alipita, basi? Malaika?"

Akanitazama mimi. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Sijui," akasema.

Nikaitisha kura ya kuondoa kufuli lake. Kisheria hatukuwa na haki hiyo, ila hakuna aliyeuliza. Mikono yote kumi ikapanda, na wangu ulikuwemo. Dakika tano tu. Suala la mbwa huwa linatuchukua saa mbili.

Kwenye mnyororo mpya mimi mwenyewe nililikata la Tobin, kwa mkasi wa kukatia chuma. Nilitegemea nitasikia nafuu. Sikusikia kitu.

Kesho yake Tobin akaja kwangu kwa miguu.

"Mwenyekiti, naondoka. Nyumba nauza. Naomba tu unifungulie geti Jumamosi, lori la mizigo linakuja."

"Nitakufungulia."

Hakuondoka. Alisimama kibarazani anazungusha kofia mikononi.

"Nina kamera kule kwenye msonobari wa getini, ya kuangalia paa wanaopita," akasema. "Sikutaka kukuonyesha. Halafu usiku kucha nikawaza, je, ikitokea tena?"

Akanipa picha.

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi ile. Mwanamke mwenye glavu nene, simu kaibana kati ya sikio na bega, anafunga mnyororo bila kuutazama. Alikuwa anagombana na Darlene kuhusu mbwa. Najua, kwa sababu yule mwanamke ni mimi. Na kufuli lililopakana na langu, nililoliruka, lilikuwa la Orrin.

"Kwa nini hukusema pale kwa Darlene?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umetoka kumzika kaka yako, dada. Ningesemaje mbele za watu?"

Nikamkaribisha kahawa. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Jioni nikawaita tena wote kumi. Nikaweka picha mezani, nikasema: "Ni mimi. Kwa Tobin tulipiga kura. Pigeni na kwangu."

"Verla, acha hizo," Darlene alisema, machozi yanamtoka. "Ilikuwa bahati mbaya."

"Anayetaka kufuli langu litolewe, anyooshe mkono."

Haukunyooshwa hata mmoja.

Hapo ndipo kitu kiliponiuma, mara ya kwanza tangu Orrin afe. Niliona aibu.

Nilimwekea Tobin kufuli jipya kwenye mnyororo, nikamwomba radhi mbele yao wote. Langu nikalikata. Siku hizi nikitaka kutoka nasubiri getini mpaka jirani apite.

Wewe unayesoma hii, kama kwenu kuna jambo limeharibika na mmeshapata wa kumlaumu, kabla hujanyoosha mkono kumbuka wewe mwenyewe asubuhi ile ulipita wapi, na ulikuwa unafanya nini.

Mimi sikukumbuka. Tobin aliuza nyumba hata hivyo.