Nilimwambia nesi kwetu hakuna saratani ya utumbo, kumbe nilimsahau baba yangu mzazi

Wakuu habari za humu ndani. Kwa wanaostahili kuamkiwa, shikamooni.

Naleta kisa changu mwenyewe, sijasimuliwa. Atakayeona ni chai aje na andazi lake, tutakunywa wote.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 46, naishi Mwembesongo hapa Morogoro. Mluguru wa Mgeta, kule juu kwenye kabichi na karoti. Sina presha, sina sukari, na choo napata kila asubuhi bila kubembeleza. Uzi huu unahusu choo, kwa hiyo kama unakula maliza kwanza.

Hospitali moja ya hapa mjini iliweka siku ya kupima saratani ya utumbo mpana. Mama Neema, mke wangu, ndiye aliyeniburuza. Mimi nilienda kwa ajili ya amani ya nyumba.

Kipimo chenyewe hakina mambo mengi. Unapewa kikopo, unaleta kinyesi kidogo, wanaangalia kama kuna damu ambayo macho hayaioni. Wanaume wazima walikuwa wanaficha vikopo kama wameiba. Mimi changu nilikitia kwenye bahasha ya kaki ya mitihani ya Form Two.

Nesi akawa ananiuliza maswali, anajaza fomu. Likaja hili: "Kwenu kuna aliyewahi kuugua saratani ya utumbo, au kutokwa damu chooni muda mrefu?"

Nikahesabu kichwani. Mama yupo, mzima. Bibi alikufa kwa uzee. Wajomba wanne, mama wadogo wawili, hakuna.

Nikajibu kwa kujiamini: "Kwetu hakuna."

Hapa wasio Waluguru niwaeleze kidogo. Sisi ukoo ni wa mama. Shamba la ukoo ni la upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Baba unampenda na unamheshimu, ila ni mtu wa ukoo mwingine. Sikudanganya wakuu. Baba hakunijia kabisa kichwani.

Majibu yakatoka negative. Nesi akasema kwa mtu ambaye kwao hakuna historia, nirudi tu kwa ratiba ya kawaida. Nikatoka nimevimba kichwa, staff room walinikoma.

Wiki mbili baadaye nikapanda Mgeta kumsalimia shangazi, dada yake baba. Kwa watoto wa tumbo lile amebaki yeye tu. Alikuwa anamenya njegere. Baada ya salamu na chai nikaanza kutamba na majibu yangu.

Shangazi akaweka ungo chini.

"Walikuuliza habari za baba yako?"

"Waliuliza kwetu, shangazi."

"Na baba yako ni wa kwa nani?"

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Tuliambiwa tumbo, basi. Sasa shangazi akanipa yote. Baba alitokwa damu chooni karibu mwaka mzima, akiulizwa anasema ni bawasiri, anachemshiwa mizizi. Alikonda mpaka mkanda ukaongezwa matundu. Baadaye kaka yake naye akaanza hivyohivyo, hospitali wakasema saratani ya utumbo na kwamba amechelewa.

"Mbona hamkutuambia?"

"Nyie ni watoto wa kwa mama yenu, mwanangu. Tukasema haya ni yetu, tuzikwe nayo."

Akalia, na mimi nikalia. Nilikuwa na hasira, sifichi. Halafu hasira ikanirudia mwenyewe, maana miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

Jumatatu nikarudi kwa nesi yuleyule. Nikamwambia, "Dada, nilikupa nusu ya jibu." Hakunicheka. Akanipeleka kwa daktari, naye akasema kwa historia hiyo kikopo hakitoshi, inatakiwa colonoscopy, yaani kamera inapita njia ya nyuma kukagua utumbo wote.

Najua vidume mmeshakunja sura. Tulieni. Kamera si tatizo, nilichomwa sindano nikalala, kuamka imeisha. Kazi ipo siku moja kabla: huli, unakunywa dawa ya kusafisha tumbo lita kwa lita, na sisi choo tunashea na wapangaji wenzetu. Mmoja aligonga mlango mpaka akakata tamaa, akaenda kwa jirani.

Wakakuta kinyama kimeota, ukubwa wa punje ya njegere. Wakakikata palepale na kukipeleka maabara.

Siku za kusubiri majibu ndizo mbaya kuliko yote. Niliogopa sana wakuu. Nilisahihisha mitihani bila akili, darasa zima likapata alama ambazo halikustahili.

Majibu: bado hakijawa saratani, ila kingeachwa kingeweza kugeuka. Nitakuwa narudi kuangaliwa.

Daktari akaniuliza kama nina watoto. Wawili, Neema na Beno. Akasema, "Waambie. Wao wasisubiri umri wako ndio waanze kupima."

Mke wangu naye ni Mluguru. Kwa mila zetu wanangu ni wa ukoo wake. Siku moja wataulizwa swali lilelile, watahesabu wajomba, watajibu hakuna.

Basi nikawakalisha sebuleni, nikawaandikia kwenye daftari: babu yenu, kaka yake, na mimi baba yenu. Neema ana miaka 17. Akasoma mara mbili, akaniangalia.

"Kwa hiyo baba, na wewe ni wa kwetu?"

Nikamwambia ndiyo.

Nilichojifunza ni kwamba ugonjwa haufuati mila, unafuata damu, na damu ina pande mbili. Mwenye swali la kikopo au kamera aulize hapahapa, nitajibu bila aibu, na aliyepitia haya atupe yake. Ila kabla hujaandika comment, mpigie kwanza shangazi.